Matairi Yenye Nywele

Mama yule alivua saa, akaitia mkobani, kisha akapitisha kiganja juu ya tairi polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Omuse alisimama kando na spana mkononi. Alikitazama kile kiganja kikienda na kurudi.

"Hizi ziko na nywele," mama akasema.

"Hizo ni mpya kabisa, madam," akajibu Ochom, mwenye kibanda, bila kuinuka kwenye kiti chake cha plastiki. "Bado hata hazijaonja lami."

Watu wa Malaba, mji wa mpakani, hawanunui tairi kwa macho. Tairi likitoka kiwandani huwa na vinywele vya mpira, vyembamba, ambavyo hukatika vyenyewe baada ya siku chache barabarani. Basi mnunuzi hupitisha kiganja, na akihisi vinamtekenya, moyo wake hutulia. Ukimwambia asome tarehe iliyochapwa ubavuni atakuona msumbufu. Nywele zinatosha. Na kwa kuwa nywele zinatosha, Ochom alikuwa amemwajiri Omuse.

Kazi ya Omuse ilikuwa kuchonga. Matairi vipara yalikuja yamefungwa juu ya baiskeli, mengine kutoka ng'ambo ya mpaka, mengine kutoka gereji za Busia. Nyuma ya kibanda, palipozibwa kwa turubai, aliyachimba mifereji mipya kwa kisu cha moto na kuyapaka rangi nyeusi. Halafu, kwa gundi na subira ambayo mkewe hajawahi kuiona nyumbani, aliyapandikiza nywele mojamoja, nywele alizonyoa kwenye tairi jipya lililofungiwa stoo kwa kazi hiyo tu. Mafundi wenzake walimwita kinyozi, naye akacheka pamoja nao. Kwa miaka sita alikuwa akijiambia kwamba matairi yale yanaishia kwenye magari ya shamba, na gari la shamba huenda mwendo wa kobe. Uongo unaojidanganya nao mwenyewe ndio mtamu kuliko wote, kwa sababu hakuna wa kukubishia.

Lakini gari lililosimama mbele yake asubuhi hiyo halikuwa la shamba. Lilikuwa Prado ya kijivu, safi, na kwenye kioo cha nyuma mtoto alikuwa amebandika nyota za karatasi. Mwenyewe aliitwa Benta, mwalimu wa shule ya msingi huko Chakol. Mumewe, Mathews, aliendesha malori Sudan Kusini, na usiku uliopita alikuwa amempigia simu kumfundisha namna ya kuchagua tairi: asidanganywe na rangi, apitishe mkono. Benta aliyasimulia hayo kwa fahari ya mwanafunzi aliyefika mtihanini akiwa amesoma.

Omuse alijaribu mara moja. Aliviringisha tairi kutoka pembeni, moja kati ya manne yaliyovuliwa kwenye gari jingine lililotoka Japani. Lilikuwa limetumika, halina hata unywele mmoja, lakini mpira wake ulikuwa mzima.

"Madam, angalia na hizi. Zimetumika kidogo, lakini ziko ngumu."

Benta alipitisha kiganja, akakuta laini. Akatabasamu.

"Fundi, hata wewe unataka kuniuzia mtumba? Mzee wangu atanicheka."

Ochom naye alicheka. Kisha akainuka, akaja hadi alipo Omuse, akamshika bega kwa upole na kumwuliza kwa Kiteso, sauti ya chini: mkono uliochonga ni wa nani? Siku ambayo askari watauliza, watatafuta kiti cha plastiki au watatafuta kisu? Baada ya hapo akarudi kuketi. Omuse aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakuna kazi nyingine iliyokuwa ikimngojea mahali popote. Akapiga jeki.

Matairi matatu ya kwanza aliyafunga bila kuyatazama. La nne alipolikumbatia ili kulipandisha, kitu kilimchoma kidole gumba. Akageuza mkono na kuona tone la damu. Alipochungulia ndani ya mfereji aliona uzi wa chuma ukimetameta chini kabisa, mwembamba kama sindano. Siku aliyolichonga lile alikuwa amechoka, akapitisha kisu ndani mno, akafika kwenye waya. Tairi likifika hapo limekwisha. Likipata joto na uzito, hupasuka bila kubisha hodi.

"Safari ni ya wapi, madam?" akauliza akiwa amechuchumaa, ili asionekane uso.

"Nairobi. Mdogo wake Mathews, Atyang, anahitimu chuo. Tunaenda wote, mama mkwe, watoto, majirani. Tuko tisa." Akacheka. "Napita nyumbani kuwachukua, tukishakula tunaondoka."

Omuse alizifikiria zile kilomita zote, jua la saa nane, miteremko ya huko mbele ambako malori hushikilia breki hadi zinanuka. Alitaka kusema, na alijua maneno yenyewe. Alichofanya ni kulifunga lile tairi nyuma, upande wa kushoto, akijipa moyo kwamba nyuma ni afadhali kuliko mbele. Hata yeye hakuliamini hilo.

"Nenda polepole, mama," akamwambia alipomaliza.

Benta alimshukuru kwa kumpa mkono, bila kujali grisi, akaingia garini. Matairi yake ya zamani, yaliyochakaa bila kumficha mtu, yalibaki pale yamelazwa mlangoni.

Saa nzima Omuse hakufanya kazi. Alishika spana, akaiweka, akaishika tena. Lori lilipotoa upepo wa breki karibu na kibanda aliruka, hata mama muuza chapati akamwuliza kama ana malaria. Kidole kilikuwa kimeacha kutoka damu, lakini alikisikia kikipiga kama moyo. Mwishowe akavua ovaroli, akaitundika msumarini, akatoka. Ochom alimwuliza anakwenda wapi. Aliendelea kutembea, kwa sababu angejibu angebaki.

Alisimamisha pikipiki na kumwambia mwendeshaji ampeleke Chakol, kwa mwalimu Benta, haraka. Njia nzima aliangalia mitaro. Kila mahali palipokuwa na watu wamekusanyika, alimshika mwendeshaji bega, kisha akaona ni soko la mihogo, au ni watu wanaogawana kivuli. Alimwomba Mungu watu wa nyumbani wamwite Benta kwa chakula cha pili, wamkawize kwa maneno. Alimwomba Mungu pia, na hili lilimtia aibu, kwamba awakute wameshaondoka, ili asilazimike kusema.

Hawakuwa wameondoka. Gari lilikuwa uani, milango wazi, limejaa watu waliovaa nguo za Jumapili na mikeka na kuku wawili. Bibi Anyait, mama mkwe, alikuwa ameketi ndani tayari, kiti cha nyuma upande wa kushoto, mkoba magotini. Alikuwa ameketi hapo tangu gari liliporudi, maana aliogopa wasije wakamsahau.

Benta alimwona Omuse akishuka, akadhani amesahau spana garini.

"Watoe watu, mama," Omuse akasema. "Watoe kwanza."

Akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma kushoto. Akaweka ukucha chini ya mstari wa nywele, akakwangua. Zikang'oka zote kwa mkupuo na gundi yake, akazitandaza kiganjani mbele ya macho ya Benta. Halafu akakiongoza kidole cha mwalimu ndani ya mfereji, taratibu, hadi kilipougusa waya.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini tairi lina nywele, akaambiwa anyamaze.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mimi."

"Ulinifungia ukijua?"

"Nilijua."

"Na nilikuambia tuko watu tisa."

"Uliniambia, mama."

Omuse alingoja kofi, au kelele, au vijana waitwe. Angependa lolote kati ya hayo. Lakini Benta aliwateremsha watoto mmoja baada ya mwingine, akiwashika mikono kama wanaovuka mto. Bibi Anyait aligoma. Alisema tairi ni mambo ya mafundi, yeye anataka kumwona mtoto wake akivaa joho. Ilibidi Benta aingie na kumnong'oneza. Bibi yule alishuka, akamwambia Omuse kwa Kiteso kwamba anamjua mama yake, wa Amukura, na kwamba walisoma katekisimu pamoja. Omuse aliona afadhali angetukanwa.

"Zitashika zikienda mwendo gani?" Benta akauliza.

"Arobaini. Labda. Zikiwa hazina mzigo."

"Basi panda."

"Mama, ningerudi na pikipiki, nikuletee zile zako za zamani hapa..."

"Ukienda utarudi?" Akamtazama. Omuse akaushika mlango wa mbele. "Panda. Hapana, si hapo mbele. Keti hapo mama alikuwa ameketi."

Akapanda. Kiti kilikuwa bado na joto la yule bibi. Katika miaka yote sita hakuwahi kupanda gari lenye tairi la mkono wake. Kwenda kazini alitembea. Benta alitoka uani, akaingia barabarani kuelekea Malaba, na mshale wa mwendo ukasimama kwenye arobaini kana kwamba umegandishwa. Omuse alilisikiliza gurudumu chini yake. Kila kokoto lililorushwa lilimkaza shingo. Alitambua kwamba alikuwa akikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kana kwamba angeweza kulipunguzia tairi uzito wake.

Magari yaliwapita. Benta hakuzungumza hadi lilipopita la tatu.

"Na hiyo?" akauliza.

"Hapana. Hiyo siijui."

Likapita jingine. "Na hiyo?"

"Hiyo pia siijui, mama."

"Umechonga ngapi?"

Omuse hakuwahi kuhesabu. Alijaribu sasa, wiki moja, mwezi mmoja, akaogopa kwenda mbali zaidi.

Nyuma yao honi ililia. Pikapu nyeupe iliwapita kwa kasi, na nyuma yake akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama wakishikana mabega, kumi na wawili au zaidi, leso zao za njano zikipepea, wakiimba kwa sauti kubwa hivi kwamba wimbo uliingia hadi ndani ya gari. Mmoja wao aliwapungia mkono. Omuse alitazama chini, kwenye magurudumu, akaitambua kazi ya mkono wake. Aliinuka kitini hadi kichwa kikagonga paa.

Benta alikuwa amemwona kwenye kioo.

Akakanyaga mafuta. Honi yake ililia na kulia, lakini akina mama waliimba, na dereva wao akadhani anashindanishwa, akazidisha. Mshale ulipita arobaini na tano. Ukapita sitini. Chini ya kiti, upande wa kushoto, kitu kilianza kupiga, kwanza mara mojamoja, kisha mfululizo, na Omuse alikijua vizuri ni nini. Akakishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akainama hadi karibu na sikio la Benta.

"Ongeza, mwalimu," akasema. "Ongeza, wasitupotee."