Kufuli la Mtungi

Jiko lilikuwa la Mama Pacha. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake wifi yake. Ukishajua hayo mawili umeshaujua ugomvi wote, yaliyobaki ni maelezo tu.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Ndoa ilimshinda, akarudi nyumbani kwao na masanduku mawili na kapu la vyombo vya kuokea keki, akasema amekuja kupumzika kidogo. Kidogo hicho kikapita mwaka. Mama Pacha akampa jina la Hamira, jina la moyoni ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, kwa sababu mwanamke yule ukimgusa tu anavimba. Watoto pacha walikuwa shule ya bweni. Mume alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, anatoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Mchana kutwa nyumba ilibaki na wanawake wawili na jiko moja.

Na jiko lenyewe halikuwa la kuchezea. Vichomeo vinne juu, oveni chini, mlango wa kioo. Mama Pacha alilinunua kwa jasho la cherehani, na kila Jumamosi alichokonoa matundu ya vichomeo kwa sindano na kufuta mafuta hadi kwenye pembe ambazo hakuna mgeni angeziona. Siku aliyomsikia Hamira akimwambia mteja kwenye simu, "Nimeoka kwenye oveni yangu," aliona ametiwa kidole machoni. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: wifi ahame, na jikoni pabaki na mtu mmoja.

Habari ya koki ilianza kwa nia njema, tuseme ukweli. Jikoni palianza kunuka ule uvundo wa yai bovu, fundi wa gesi akaitwa. Akalivuta jiko kutoka ukutani, akaonyesha mpira wa gesi ulivyoegemea mgongo wa oveni hadi ukababuka na kupasuka nyufa. Akaweka mpira mpya, akatoboa ukuta, akautoa mtungi nje nyuma ya nyumba. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akachutama akilitazama. Povu lilitulia, hakuna lilipotutumka.

Fundi yule alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimaliza kupika, alisema, zima swichi za jiko, kisha funga na koki ya mtungi. Ukitaka kupika, tazama kwanza kama swichi zote zimezimwa, ndipo ufungue koki. Oveni uiwashe mlango ukiwa wazi, moto utangulie gesi. Ukisikia harufu usiwashe chochote, hata taa. Funga koki, fungua madirisha, toka nje. Na koki ikae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaifikia. Mama Pacha aliyameza yote. Hamira alikuwa chumbani kwake mlango umefungwa, kwa sababu fundi aliitwa na Mama Pacha, na yeye hakuwa mtu wa kutoka kumsikiliza mgeni wa Mama Pacha.

Kesho yake Hamira akaja jikoni na bakuli la mayai. Akazungusha swichi, akabonyeza kiberiti cha gesi, wapi. Akarudia, wapi. Mama Pacha alikuwa sebuleni kwenye cherehani, na alikuwa ameshanyanyuka kwenda kumweleza, kweli kabisa alikuwa amenyanyuka, aliposikia sauti.

"Wifi, sasa hata moto unanipimia?"

Mama Pacha akakaa tena. Angeweza kusema ni agizo la fundi, yakaisha. Badala yake alijibu kwamba gesi haitoki mbinguni. Mlangoni alimwona mwenzake shingo imekakamaa, midomo imebanwa, na akaonja utamu ambao hakuwa ameuonja kwa mwaka mzima. Hakuwa tayari kuuacha.

Basi usalama ukageuka rungu. Hamira akiinua sufuria, Mama Pacha anatokea mlangoni: usiwashe, kichomeo hicho kimeziba. Hamira akipanga vyombo vya keki: usiwashe, nimepaka sabuni kwenye mpira, subiri ikauke. Usiwashe, dirisha limefungwa. Usiwashe, upepo mkali, dirisha liko wazi. Mengine yalikuwa kweli na mengine aliyatunga papo hapo akiwa bado na pini za kushonea mdomoni. Hamira alisonya, akangoja, na keki zake zikachelewa, na wateja wawili watatu wakaenda kwingine. Mume alipopelekewa mashtaka na pande zote mbili alisema yeye ana njaa.

Halafu likaja kufuli. Mtungi ukiwa nje si vibaya kuuwekea kizimba cha nondo, hilo fundi alilisema. Kufuli hakulisema, tena alikuwa ameonya kinyume chake. Lakini Mama Pacha alimleta mchomeleaji, kizimba kikatengenezwa, yeye mwenyewe akaenda dukani kununua kufuli, na ufunguo ukalala kwenye sidiria yake. Jioni ile Hamira alisimama nyuma ya nyumba akalitazama lile kufuli kwa muda. Tangu hapo hakusema tena neno na Mama Pacha, wala Mama Pacha naye hakusema naye, isipokuwa lile moja la kwenye mlango wa jikoni, usiwashe. Wakawa wanapishana kwenye korido kila mmoja akijibanza ukutani asiguswe, na chumvi ikiwa mbali mezani wanamwomba Baba Pacha.

Mama Pacha hakuidanganya nafsi yake. Alijua anachofanya. Alihesabu kwamba mtu asiyepata moto hapiki, asiyepika hauzi, na asiyeuza atachoka, atakwenda kuvimbia kwingine.

Ijumaa moja Hamira alikuwa na kazi ya keki za watu wa ofisi fulani waliokuwa wakimuaga mkubwa wao kesho yake. Alimwambia mdogo wake mezani usiku uliotangulia, kwa sauti ya kusikika na nyumba nzima, kwamba ataoka mchana na anahitaji moto. Mama Pacha alisikia. Mchana ulipofika alikunja gauni la mteja, akalitia kwenye mfuko, akatoka kulipeleka, na ufunguo akaenda nao kifuani. Njiani hakuwa na haraka. Alisimama kutazama vitambaa ambavyo hakuwa na mpango wa kuvinunua.

Yaliyotokea nyuma yake aliyajua baadaye. Hamira alichanganya unga, sukari na siagi, akapiga mayai hadi mkono ukafa ganzi, akamimina vanila bila kuibania, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa. Akafungua oveni, akazungusha swichi hadi mwisho, akasogeza moto. Hakuna kitu. Akatoka nyuma, akalikuta kufuli limening'inia. Akarudi, akaubamiza mlango wa oveni, akaketi kungoja. Rojo likaanza kutulia na kulala ndani ya bakuli, na yeye akilitazama. Mwishowe akaenda chumbani kwake kujitupa kitandani, na swichi ya oveni akaiacha vile vile, imefunguliwa hadi mwisho. Haikuwa ikitoa chochote. Nani angeikumbuka?

Mama Pacha aliporudi alichungulia jikoni, akaliona bakuli na rojo lake lililolala, roho ikamtulia. Dirisha lilikuwa limefungwa, hakulifungua. Swichi za jiko hakuzitazama. Lile agizo la kutazama swichi kwanza alilijua kwa moyo, angeweza kulitamka usingizini, ila siku ile alikuwa na jambo jingine la kushughulikia. Alitaka kwenda kufungua kufuli kwa kelele, Hamira asikie, ajue kwamba moto umepatikana sasa ambapo haumsaidii.

Akapitia nyuma. Akalibwaga kufuli kwenye nondo, likalia. Akafungua koki. Kisha, badala ya kuingia jikoni kuinjika chai aliyojiambia kuwa anaitaka, akaanza kuanua nguo kwenye kamba, shati moja baada ya jingine, polepole, akizikunja palepale. Alimsikia Hamira akitoka chumbani. Akasikia ndara zake kwenye korido. Akatabasamu peke yake katikati ya mashuka.

Alipofika mlango wa nyuma, nguo zimemjaa mikononi hadi kidevuni, harufu ikampiga. Haikuwa ya kubahatisha. Ilitambaa chini kutoka jikoni, nzito, na juu yake ilielea vanila ya mchana kutwa, iliyomjaa Hamira puani. Hamira alikuwa amempa kisogo, amechutama mbele ya oveni, mkono mmoja kwenye mpini wa mlango, mwingine umeshika kiberiti.

Mama Pacha alikuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja. Mdomo ukatoa kile ulichozoea.

"Wifi, usiwashe."

Hamira aligeuza kichwa. Alimtazama kuanzia miguuni, akapanda na zile nguo zilizokunjwa vizuri, akafika usoni.

"Leo huniambii kitu," alisema, akafungua mlango wa oveni, akabonyeza.

Mlio haukuwa mkubwa kama watu wanavyofikiria. Ulikuwa mmoja, mfupi, wa kushiba, na mlango wa oveni ukang'oka ukamkumba. Mwali ukatoka chini na kumlamba mikono yote miwili hadi juu ya viwiko, ukachukua nyusi na nywele za mbele, ukarudi ndani kuendelea kuwaka. Mama Pacha alitupa nguo, akakimbilia kwenye koki, akaifunga. Alirudi akamburuta mwenzake hadi kwenye bomba la uani, akamfungulia maji mikononi, akamshikilia hapo huku meno ya Hamira yakigongana. Walikuwa hawajashikana tangu siku ya kupokeana masanduku.

Hospitali walimlaza. Mume alikuja moja kwa moja kutoka ghalani na saruji yake mwilini, akasimama pembeni ya kitanda, akauliza ilikuwaje. Aliyejibu ni Hamira, macho yake yakiwa kwenye dari.

"Mkeo aliniambia nisiwashe. Mimi ndiye nilikaidi."

Mume akamshika mkewe bega. Akamshukuru, akasema dada yake tangu utotoni haambiliki, angalau yeye alijitahidi. Mama Pacha aliona bora angezabwa kofi mbele ya wodi nzima. Aliutazama ule mkono wa shukrani begani kwake na hakuthubutu kuutoa.

Fundi naye alikuja nyumbani kukagua. Mpira ulikuwa mzima, viungo vizima. Akachutama mbele ya ile oveni isiyo na mlango, akaikuta swichi bado imefunguliwa hadi mwisho, akauliza nani alifungua koki, na kama alitazama swichi kwanza. Mume akajibu kwa niaba ya mkewe, kwamba mke wake ni mwangalifu sana, hata kufuli ameweka. Fundi akalitazama kufuli, akamtazama Mama Pacha, akaanza kufungasha vifaa vyake. Mama Pacha alitamani yule mtu wa maneno mengi amkaripie.

Hamira alirudishwa nyumbani mikono yote imefungwa bandeji hadi mabegani, imesimama mbele yake kama si yake. Hakuweza kushika kijiko, wala mswaki, wala kujifunga nguo. Mume alikuwa ghalani kutwa. Basi asubuhi ya kwanza Mama Pacha aliingia chumbani na bakuli la uji, akavuta kiti, akaketi. Hamira akala vijiko kadhaa bila kumtazama. Kisha akafunga mdomo.

"Ulijua kuna gesi?"

"Nilisikia harufu nilipofika mlangoni."

"Mbona hukusema gesi?"

Mama Pacha alikoroga uji.

"Ulisema usiwashe," Hamira akaendelea. "Hilo nililisikia kila siku ya Mungu."

"Pole, wifi."

"Pole yako kaa nayo. Nikwambie kitu. Nilishapata chumba, mtaa wa pili, kina jiko lake. Hela ya keki zile ndiyo ilikuwa inamalizia kodi. Jumapili ningekuwa nimehama. Sikutaka hata uambiwe. Nilitaka uamke ukute kitanda kimetandikwa na mimi sipo, nisikupe nafasi ya kufurahi mbele ya macho yangu."

Mama Pacha akaacha kukoroga. Nje mtu alikuwa akipita na redio. Aliiona ile Jumapili yote, chumba kitupu, kapu la vyombo vya keki halipo, jikoni pake na jiko lake na yeye peke yake akiimba. Alikuwa amebakiza siku mbili, na akaenda kupeleka gauni.

"Chumba kimeshachukuliwa na mtu mwingine," alisema Hamira. "Na daktari anasema vidole hivi havitakunjika tena vizuri. Kwa hiyo keti vizuri, wifi. Tuko wote."

Akafumbua mdomo, akangoja kijiko.