Mstari wa Buluu

Asukile alikufa Jumanne moja ya masika, mwaka 1956, uji wake ukiwa bado wa moto kwenye bakuli. Kijiko alikuwa amekishika mkewe, Marta, maana kwa miezi miwili mikono ya Asukile ilikuwa ikining'inia tu, haishiki kitu. Watu wa Mbeya walisema mengi. Wengine walisema karogwa. Girish, tajiri wake, alileta blanketi na sukari, akasema pole. Alhamisi akamwita Lutengano, mdogo wa marehemu, akamkabidhi chungu cha kuyeyushia risasi ya betri. Kaburi lilikuwa bado halijakauka udongo.

Nyuma ya duka la Girish palikuwa na karakana iliyotengeneza betri za magari, zile za kuchaji na kuchaji tena. Betri iliyokufa ilivunjwa, risasi yake ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zikatoka sahani mpya. Kati ya sahani na sahani kilichomekwa kibao chembamba cha mwerezi. Asukile ndiye aliyegundua kwamba kibao kibichi huua betri, ila kikichemshwa kutwa nzima kwa magadi, yale yale ya kulainishia maharage, betri hudumu. Kuchemsha ilikuwa kazi ya Marta, jikoni kwake. Kuyeyusha kulifanyika katika chumba chenye dirisha moja, nalo Girish alilipigilia bati wezi wasiingie. Kikulacho ki nguoni mwako: Asukile alirudi nyumbani kila jioni na vumbi la kijivu mpaka kwenye kola.

Miezi mitano baada ya mazishi, Girish aliwapakia Marta na Lutengano kwenye lori la Iringa. Alikuwa akitafuta wenye fedha wa kuikuza karakana. Lutengano abebe betri, Marta aonyeshe vibao. Marta alikubali kwa sababu alimwona shemeji yake akishika tumbo kila baada ya kula, na hakutaka kumwacha peke yake na mtu yule. Mara tatu alikuwa amemsihi aache kazi.

"Nikiacha, shemeji, tutakula mchanga?" alijibu Lutengano. "Tena kaka alikuwa mwembamba. Mimi nina mwili."

Iringa walipokewa na Noorjahan, mjane mwenye malori sita. Aliwakaribisha sebuleni, akawapa chai wote, hata Lutengano aliyekuwa amesimama mlangoni. Girish akaiweka betri mezani juu ya gazeti.

"Bibi, kila lori la barabara hii linatumia betri ya Ulaya. Ikifa, inatupwa. Mimi naifufua kwa nusu ya bei, inakaa miaka miwili. Wachimbaji dhahabu wa Makongolosi wanaitaka. Wenye redio wanaitaka. Sasa nina fundi mmoja. Mwakani watakuwa kumi, na tawi hapa hapa Iringa."

"Na lori langu likizimika mlimani Kitonga," alisema Noorjahan, "utakuja kulisukuma?"

"Nitakuja na shemeji zangu wote, Bibi."

Noorjahan alitabasamu. Akagonga betri kwa ukucha. "Nani aliyebuni hii kazi ya vibao?"

"Mimi. Yaani, alikuwepo fundi, amefariki. Mkono hodari, lakini pombe, Bibi. Unawajua."

Asukile alikuwa mzee wa kanisa. Hata togwa iliyolala ikachachuka hakuigusa. Marta alisimama, vibao vikamwagika kutoka mapajani.

"Rudia," alisema. "Litaje jina lake, halafu useme pombe."

"Mama, kaa. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tuliongea. Nilikuomba ulibandue bati dirishani, uweke bomba la moshi. Ukasema nirudi jikoni." Akamgeukia Lutengano. "Fungua kinywa."

"Shemeji, mbele za watu?"

"Fungua."

Akamvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba. Kwenye ufizi, chini kabisa ya meno, ulipita mstari wa buluu, mwembamba kama wa kalamu.

"Asukile alianza na huu," alisema Marta. "Likaja tumbo. Ikaja mikono. Nilimlisha mimi, nikamwosha mimi. Pombe haiandiki hivi."

Noorjahan aliweka kikombe chini, akasogea, akautazama ule mstari kwa muda mrefu. "Bomba la moshi limo kwenye mipango yako, Girish?"

"Mwaka wa pili, Bibi. Tukishapata faida."

"Na hao kumi, mwaka wa kwanza watavuta nini?"

Girish aliishusha betri, akakunja gazeti lake. Marta aliokota vibao, kimoja kimoja.

"Tafuta mwingine wa kukuchemshia," alisema.

"Mbao ni mbao, mama. Magadi ni mambo ya jikoni."

Marta hakumsahihisha.

Wakirudi kwa lori, baada ya Mafinga, Lutengano alinyoosha mikono yake akaitazama. "Leo asubuhi kifungo kilinishinda," alisema. "Nilidhani ni baridi."

Girish alipata fedha kwa mtu mwingine. Aliajiri watu wanne, akaweka vibao vibichi, na kabla ya Krismasi wenye malori walikuwa wakimrudishia betri zake mlangoni, wakimtukana. Watu wanne wale wangali wanayeyusha risasi katika chumba kile. Dirisha bado lina bati.

Lutengano hakurudi karakana. Anaishi kwa Marta, na kila asubuhi Marta humfunga vifungo vya shati.