Saa Tisini na Mbili za Betri

Dada mtu alimwonea mdogo wake kijicho, tena cha kumkosesha usingizi hata huo kidogo aliobahatika kuupata. Wote wawili walikuwa madaktari wanaosomea upasuaji katika hospitali moja, lakini sifa zote zilimwendea mdogo. Wodi nzima ilimwita Betri, eti hachoki. Hachoki wapi! Jumatatu dada alimwona akisinzia wima kando ya kitanda cha mgonjwa, kalamu mkononi, mstari umeteremka hadi chini ya karatasi.

Hospitali ilikuwa na fomu ya saa za kazi. Kila mwanafunzi aliandika saa aliyoingia na aliyotoka, na aliyepita saa themanini kwa wiki hakuruhusiwa kushika kisu mpaka apumzike siku mbili. Basi wote walidanganya. Walisaini kwamba wameondoka, kisha wakarudi wodini kimyakimya kuchapa kazi.

Jumatano asubuhi Profesa alitangaza kwamba kesho yake Betri ndiye angeongoza upasuaji wa kifuko cha nyongo, wa kwanza kwa kundi lao. Dada alipiga makofi na wenzake huku roho ikimuuma. Yeye ndiye aliyemfundisha kushona nyuzi, wakitoboatoboa mito ya kochi mpaka mama yao akawafukuza sebuleni. Leo huyohuyo ampiku?

Mchana akaenda ofisini kwa Profesa. Alijitia kuwahurumia wagonjwa, na pengine alijiamini. Alisema fomu ya Betri ya siku saba zilizopita ilionyesha saa sabini na nane, ilhali yeye alihesabu tisini na mbili, akazitaja siku kwa siku, hata vitanda Betri alivyopita.

Profesa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa fomu nyingine kwenye faili.

"Saa zote hizo ulimwona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu, Profesa."

"Mbona hii yako inasema ulishakwenda nyumbani?"

Upasuaji akapewa mwenzao mwingine, na wao wawili wakaamriwa wakalale siku mbili.

Betri alimkuta dada yake langoni, begi begani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, lakini alimshika mkono kama walipokuwa wadogo.

"Pole, dada yangu. Kumbe na wewe umechongewa," alisema. "Sijui nani huyu anayetuonea wivu hivi."