Mwendo wa Kuzungumza

Mlangoni mwa fundi cherehani palikuwa na jozi mbili za raba. Moja ilikuwa imelika soli kwa kukimbizwa kila alfajiri. Ya pili ilikuwa na tope kavu ambalo hakuna aliyethubutu kulikung'uta.

Mwenye tope hilo alikuwa mkewe, msusi. Naye, kama wasusi wote wenye sifa, alisuka nywele kwa vidole na mtaa kwa mdomo. Kila alfajiri walikimbia pamoja hadi kwenye tangi la maji na kurudi, yeye akisimulia, mumewe akiguna. Mke ndiye aliyemfundisha kanuni ya mbio ndefu: "Ukishindwa kusema, umezidisha. Punguza." Kisha aliendelea na umbea wake.

Tangu azikwe, fundi alikimbia kimya, na alikimbia kasi. Hapakuwa na simulizi ya kumpunguza mwendo. Goti likamvimba. Wateja nao wakaanza kurudisha suruali zenye mguu mmoja mrefu, wakizirudisha kwa upole, kwa kuwa msiba hauna risiti.

Asubuhi moja alibisha hodi mdogo wa marehemu, aliyerithi saluni na wateja wake.

"Shemeji, nimepimwa presha. Ileile ya dada." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Daktari kasema nisogeze mwili. Nifundishe kukimbia."

Fundi aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu cha shemeji kwa kidole gumba. "Vinakubana. Miguu huvimba njiani. Legeza kamba."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema siku kadhaa.

Walitoka. Kabla ya kona ya kwanza, fundi alikwisha kumwacha mbali. Vishindo vya nyuma yake vilipokatika, aligeuka. Shemeji alikuwa ameinama, mkono kifuani, midomo imepauka. Vilevile alivyomkuta mkewe siku ile, ameegemea kiti cha saluni, kitana bado mkononi.

Alirudi akichechemea. "Keti."

"Siketi. Unanifundisha au unanizika?"

Fundi akainama kulishika goti lake.

"Dada alisema wewe ni mtu wa kukimbia naye," shemeji aliendelea, akihema. "Kumbe alikuwa akikusifia bure."

"Sina la kusema, shemeji."

"Nani kakuomba useme? Mimi nina mdomo wa ukoo."

Fundi akatabasamu nusu. "Basi ukishindwa kusema, niambie."

"Nikishindwa kusema nitakuambiaje, wewe mwanamume?"

Hapo fundi alicheka, na cheko lile likamuuma kama mshipa uliolala muda mrefu. Wakaanza kwa kutembea. Pumzi ya shemeji ilipotulia, wakachanganya: mbio kidogo, kutembea kidogo. Kwenye ukuta wa bucha, fundi alisema bila kumtazama:

"Huyu mwenye bucha aliazima suti ya harusi. Dada yako alikuwa akinisimulia. Akafika kwenye simulizi pale mlango unapofunguliwa, watu wanaimba, mwenye suti yenyewe anaingia. Akasema atanimalizia kesho."

Wakaupita ukuta wa bucha.

"Mtaa mzima unajua mwisho wake," aliongeza. "Sijamuuliza mtu."

"Mimi aliniambia," shemeji alisema polepole. "Tulicheka mpaka mteja akaungua kichwa kwa drai ya nywele. Nikumalizie?"

Tangi la maji lilikuwa limeonekana, jua likiliparamia ubavuni. Fundi alilielekezea kidevu.

"Pumzi unayo?"

"Ninayo."

"Basi anza mwanzo. Tangu suti inaazimwa. Usiruke kitu." Akapangusa uso kwa mkono wa fulana, kama mtu anayefuta jasho. "Ukifika pale mwenye suti anapoingia mlangoni, tugeuze turudi nyumbani. Kisa kiache hapo, kama alivyokiacha."

Shemeji alimtazama, akataka kuuliza, asiulize. Akavuta pumzi, akaanza, kwa sauti iliyofanana mno na ile ya dada yake. Na fundi akafupisha hatua.