Ukuta Uliofuata Matofali Yake

Uvumi ulianza sokoni Kasese, kwa wauza chumvi: ukuta mwekundu wa kampuni ya zamani unatembea. Vasta aliusikia akipimiwa chumvi ya Kabatoro. Akacheka na wenzake, lakini uvumi ulimfuata hadi nyumbani.

Alikuwa na sababu. Wazee walipanda miti mipakani, majirani wakishuhudia. Marehemu mumewe, Kezironi, aliing'oa. "Mti ni mambo ya zamani," alisema, akapanga mahali pake matofali aliyobomoa kutoka ukuta ule. Alipokufa, Vasta mwenyewe alikwenda kuchukua mengine, akalizungushia kaburi lake nyuma ya jiko.

Ukuta ulifika baada ya mvua, saa ya chai. Ulipita kwenye migomba bila kuchana jani, ukaokota matofali yake moja moja, ukasimama kati ya jiko na kaburi. Jirani yake Siraj, dereva, alisogeza lori kuupisha.

"Mama Kabugho, ulichelewa kurudisha," alisema. "Kwangu imechukua choo."

Vasta alimwita ofisa wa ardhi, naye akaja. Akaupigapiga ukuta kwa kiganja.

"Hii ni ya historia, haiguswi. Mpaka iko pale ukuta iko."

"Na mzee wangu?"

"Mzee iko ndani ya kampuni."

Kampuni ikaweka mlinzi, ikavuna ndizi zilizobaki upande wake. Tangu hapo, jioni, Kezironi huita kutoka upande wa pili: "Vasta, chumvi." Naye humrushia kidogo juu ya ukuta.

"Mama, mzee yako anaongea sana," mlinzi hulalamika. "Nyamazisha yeye!"

"Afande, mpe kiti tu."

Mlinzi hampi. Vasta hula peke yake, mgongo kwenye matofali, akimsikiliza mumewe akitafuna.

Juzi Kabugho, bintiye aliyeolewa Bwera, alipiga simu kwa furaha. Wamepata kiwanja, na kuna mtu anauza matofali mekundu, ya zamani, magumu kweli. Vasta alikaa chini. Akamwambia ayarudie maneno haya, moja moja:

Usinunue tofali kama hujui limetoka ukuta gani.

Using'oe mti wa mpaka, hata ukikuzibia mlango.

Usiite ofisa kabla ya jirani.

Usiegemee ukuta jioni. Utazoea.

Na mimi usinizike kwa baba yako. Kule hawatakuruhusu kuingia.