Mkwe Yuko Mlangoni

Tangu Yakobo atoke chumba cha wagonjwa mahututi, Bernadeta alimlea mumewe, fundi nguo, kama yai. Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza kwenye mashine ya kupumulia, na alipozinduka miguu yake ilikuwa imelegea kama mlenda. Sasa yuko nyumbani, Mabatini. Kitanda kimehamishiwa sebuleni ili wageni wamwone, uji ananyweshwa kwa kijiko, na chooni anabebwa.

"Unammaliza kwa mapenzi," alimwonya Hellen, mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali. "Asimame, hata kwa kushika ukuta. Akiendelea kulala hivi, ile cherehani yake ya miguu mtafutieni mnunuzi."

"Nitaanguka," Yakobo alisema. Sauti yake bado ilikwaruza kwa ule mpira wa kupumulia aliopitishiwa kooni.

"Ataanguka," Bernadeta akaitikia, akamvutia shuka hadi kidevuni.

Jumamosi asubuhi kijiko kilikuwa njiani kuelekea kinywani mwa Yakobo waliposikia:

"Hodi! Wenyewe wamo?"

Kijiko kikamponyoka Bernadeta. Mama yake! Katoka Misungwi bila taarifa, kuku kwapani.

Yakobo akaiva uso. Mama mkwe hamkuti mkwewe kitandani, tena na kaptula tu. Hilo kila aliyezaliwa Usukumani analijua kabla hajaota meno. Na mlango ulikuwa wazi.

"Nibebe chumbani, upesi!" akanong'ona.

Bernadeta hakuwahi. Mama alikuwa amesimama kizingitini, sebule ameipa mgongo, uso ameuelekeza barabarani kwa heshima. Mkono wake mmoja ukarudi nyuma ukapapasa, ukamkamata bintiye.

"Njoo unisalimie."

"Shikamoo mama. Niache kwanza, mgonjwa..."

"Marahaba. Mgonjwa ana miguu."

"Ataanguka, mama!"

"Akianguka tutasikia kishindo. Wewe ulipojifunza kutembea, nilikubeba mpaka lini?"

Nyuma yao kitanda kililia. Bernadeta aligeuza shingo. Yakobo alikuwa amesimama, kiganja kimebandikwa ukutani. Akavuta mguu. Akahema, akauvuta wa pili. Bernadeta alijinasua, mama akaukaza mkono. Katikati ya sebule Yakobo aliyumba, akadaka kabati la vyombo, vikombe vikagongana. Akatukana kidogo. Kisha pazia la chumbani likafunguka, likajifunga.

Halafu sauti ya kukwaruza ikatoka chumbani:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Pole na kuugua." Mama ndipo akageuka, akaingia, akamkabidhi Bernadeta kuku. Bintiye alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Nimekuja kukaa mpaka mvua zianze. Nitalala hapahapa sebuleni."

Kule chumbani Yakobo akauliza:

"Sasa mimi nitakula wapi, mama?"

"Uani, baba, kama wanaume wote. Huyu kuku akiiva, tutakuita."