Kichwa cha Thelathini

Nyumba ile ilikuwa ya wazee wasio na kitu, na yenyewe haikuwa na kitu, kwa hiyo walielewana. Hakuna mzee aliyelipa hata senti. Nyumba iliishi kwa ruzuku ya serikali, na ruzuku ilikwenda kwa vichwa: kila miezi mitatu mkaguzi alikuja kuwahesabu waliomo vitandani. Wakitimia thelathini, hela ilitosha kwa kuungaunga. Akipungua hata mmoja, nyumba ilishushwa daraja na kupewa nusu, na kwa nusu ile wasingeumaliza mwezi wa pili.

Asubuhi ya hesabu walikuwa thelathini kamili, na mmoja wao alikuwa anapumua kwa taabu.

Waliokuwa wakimtunza walimwita Fundi Saa. Alitengeneza saa miaka arobaini, na mpaka leo hakuipa amani saa ya ukumbini, iliyokuwa ikichelewa dakika nne. Matroni alimwinamia, akaona midomo imeanza kubadilika rangi. Hakuhitaji daktari wa kumweleza. Kazi hii aliianza akiwa msichana.

"Baba, nakupeleka hospitali."

"Mkaguzi kashafika?"

"Bado. Kasema saa tatu."

"Basi ngoja nihesabiwe kwanza. Nikitoka mnabaki ishirini na tisa. Unataka wenzangu wanisimange?" Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Matroni alipaswa kukataa. Lakini miaka mitatu nyuma wazee wawili walikuwa wamelazwa hospitali siku ya hesabu, na mkaguzi wa wakati ule alivikuta vitanda vitupu, akaviandika vitupu. Mwaka huo waliuza jenereta na friji, wakamwachisha kazi karani. Tangu hapo barua za ofisi zilirundikana kwenye droo, zikingoja Matroni apate nafasi, naye angeipata wapi, maana ndiye aliyekuwa pia mfuaji, na Jumapili mpishi. Akamwinua mzee kwa mito miwili, akaketi kando yake.

Saa tatu ikapita, na saa nne. Wakaguzi hawana haraka. Mwenye shida ndiye angojaye. Mpishi akaja kusimama mlangoni.

"Matroni, huyu mzee anatutoka."

"Naona."

"Niite gari?"

"Liite. Lisimame getini lingoje."

Jibu lile lilimtia aibu kabla hajalimaliza.

Saa sita kasorobo mkaguzi akaingia, mwanamke mgeni kwao, mpole, akiomba radhi kwa kuchelewa. Alipita kitanda kwa kitanda akitia alama. Kwa Fundi Saa kalamu ikasimama.

"Huyu mbona hayuko hospitali?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Matroni akasema.

Mwanamke hakuelewa. Kisha akaelewa, na sauti ikamshuka. "Lakini dada, siku hizi aliyelazwa anahesabiwa. Cheti cha hospitali kinatosha. Tuliwaandikia tangu mwaka jana."

Matroni hakwenda kufungua droo. Alijua barua imo. Hata bahasha aliikumbuka, ya kaki, yenye muhuri, aliyoiwekea kikombe cha chai juu yake siku ilipoletwa. Alitamani yule mwanamke amtukane. Badala yake alimwona ameshashika ncha mbili za shuka upande wa miguuni, anamngoja yeye ashike za kichwani.

Ndani ya gari kichwa cha Fundi Saa kilikuwa mapajani mwa Matroni. Walikuwa wameshapita soko alipofumbua macho.

"Nimehesabiwa?"

"Umehesabiwa, baba. Thelathini kamili."

"Unaona," akasema, kwa majivuno kidogo. "Na wewe ulitaka kunikimbiza."

"Nilitaka, baba."

"Nyumba imepona?"

"Imepona."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa gumu kulisema kuliko uongo wowote aliowahi kumwambia mgonjwa. Mzee akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. Dereva alipiga honi njia nzima.

Hospitalini nesi alimgusa mzee shingoni, akamgusa tena, akatazama ukutani na kuandika saa saba kasoro dakika kumi. Matroni naye akaitazama saa ile. Hakuwa na mtu wa kumuuliza kama inachelewa.